Sifa ya Kukatakata Taruma

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, watu wanasifia zege, nyaya na foleni ya kivuko iliyokwisha. Ni haki yao. Kilomita zipatazo 3 juu ya Ghuba ya Mwanza si mchezo. Mimi sifa zangu ninazipeleka kwa ufundi usiopigwa picha: kuujua mtetemo wa mhimili kabla mhimili wenyewe haujakuwapo.

Mhimili ulionyooka hausumbui sana. Tangu karne ya 18, enzi za Euler na Daniel Bernoulli, hesabu yake inatosha kwenye karatasi: urefu ukiongezeka maradufu, kasi ya mtetemo hushuka hadi robo. Ukiupinda, mambo hubadilika. Chukua taruma la mtumbwi wa dagaa, ubao uliopinda kufuata tumbo la chombo. Libane ncha moja kwenye jiliwa, ligonge ubavuni upande wa pili. Litayumba na kujisokota kwa pamoja, kwa sababu nguvu inayolikunja huku, ikishapita kwenye mpindo, inalisokota kule.

Hapo mhandisi hulikatakata kwa hesabu, vipande vifupi vilivyonyooka. Kila kiungo kina nafasi 6 za kucheza: kusogea pande tatu na kuzunguka pande tatu. Kompyuta hukusanya ukakamavu wa vipande vyote kwenye matriksi moja, tungamo kwenye nyingine, kisha hutafuta kasi ambazo viwili hivyo hukubaliana. Kila kasi huja na umbo lake. Ukikata vipande vichache mno, mpindo unakuwa kona na majibu yanapotoka. Basi unaongeza, unakokotoa tena, mpaka tarakimu zitulie. Maumbo ya juu, yenye mawimbi mengi, yanadai vipande vingi zaidi. (Kuna wanaosimama kwenye jibu la kwanza kwa kuwa picha ina rangi nzuri. Hao siwasifu.)

Tarakimu kutulia hakutoshi. Ncha zimeshikwaje? Ukiiambia kompyuta kuwa zimekazwa kabisa, ilhali misumari imelegea, itakupa kasi kubwa kuliko ya kweli bila kusita. Hilo halitibiwi kwa kuongeza vipande. Hutibiwa na mtu aliyeinama, akakigusa kiungo, akaligonga taruma kwa nyundo na kupima mtetemo wake.

Halafu chombo kinashushwa majini. Mbao zikitetemeka zinayasukuma maji, na maji hayo hufanya kana kwamba chombo kimeongezeka uzito. Kasi zote zilizopimwa nchi kavu hushuka. Ndivyo ilivyo kwa mtumbwi, ndivyo ilivyo kwa meli ya MV Mwanza, iliyoshushwa ziwani Februari 2023 katika Bandari ya Mwanza Kusini. Meli nzima nayo ni mhimili, na anayetaka kujua utatetemekaje hana budi kuliingiza ziwa kwenye matriksi ya tungamo.