Neno la Umma na Ukweli wa Mambo katika Kinjeketile

Tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile (1969) imesomwa aghalabu kama tamthilia ya kiongozi. Swali linaloulizwa madarasani, miaka nenda miaka rudi, ni kama Kinjeketile ni nabii au mzushi, shujaa au mhanga wa maneno yake mwenyewe. Makala hii inakusudia kuliweka swali hilo kando kwa muda na kushughulikia jingine ambalo, kwa maoni yetu, ndilo linaloibeba tamthilia. Watu wa kawaida wanapotoa rai juu ya hali yao, na rai hiyo ikawa imefungamana na jambo lisilo kweli, je, uongo wa jambo hilo unaibatilisha rai yenyewe?

Historia inajulikana, lakini inafaa ikumbukwe kwa ufupi. Mnamo Julai 1905 watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima na serikali ya Kijerumani. Kabla ya hapo, huko Ngarambe karibu na mto Rufiji, Kinjeketile Ngwale alikuwa amewagawia watu dawa ya maji ambayo ingewakinga na risasi. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Tarehe 30 Agosti, mbele ya boma la Mahenge, mamia ya wapiganaji waliokunywa maji waliangushwa na bombomu. Hadi vita ilipozimwa mwaka 1907 walikuwa wamekufa watu 75,000 kwa makadirio ya Wajerumani wenyewe. Gwassa, mwanahistoria aliyeitafiti vita hii miaka ya sitini, aliwakadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala. Hussein anatutahadharisha katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia. Tahadhari hiyo tunaikubali. Hata hivyo, msomaji hawezi kuisoma tamthilia hii bila ya kuwa na Mahenge akilini, wala hatudhani kwamba mtunzi alitaka aweze.

Katika maneno ya wanavijiji wa tamthilia mna kauli za aina mbili ambazo wahakiki wengi huzichanganya. Kuna kauli kwamba maji yanazuia risasi. Hii ni kauli juu ya jambo; inaweza kujaribiwa, na ilipojaribiwa ilionekana kuwa si kweli. Halafu kuna kauli kwamba utawala huu ni dhuluma na kwamba haiwezekani kuendelea kuishi hivi. Hii ni rai. Nayo pia ina mambo iliyoyaegemea, ila si maji. Inaegemea njaa, kodi, kiboko na shamba la pamba ambalo mtu hulilima huku lake likimea magugu. Mpango wa pamba ulioanzishwa mwaka 1902 uliwalipa wafanyakazi ujira haba kiasi kwamba baadhi yao walikataa kuupokea. Kwa hiyo mkulima wa Matumbi hakuhitaji kufunuliwa na roho yoyote ndipo ajue kuwa anaonewa. Alikuwa na ushahidi tumboni mwake.

Mpangilio wa matukio unathibitisha kwamba Hussein aliitambua tofauti hii. Pazia halifunguki juu ya mganga wala mto. Linafunguka juu ya wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Kinjeketile, wakizungumza juu ya chakula na kazi. Mazungumzo yao ni ya kawaida mno, hata msomaji mwenye haraka huyaruka ili ayafikie maji. Lakini ndani ya mazungumzo hayo ya jikoni mna takriban kila hoja ambayo vita itapiganiwa baadaye. Rai ya umma imekwisha kuumbika, tena imesimama juu ya mambo ya kweli, kabla Kinjeketile hajaingia mtoni. Anayedai kwamba watu hawa walipigana kwa sababu walidanganywa hana budi kulieleza onyesho hili la kwanza, na sidhani kama anaweza.

Basi maji yalihitajika kwa nini? Tazama namna wahusika kadha wanavyotajwa: Mkichi, Mngindo, na wengineo kwa makabila yao. Hawa hawana majina yao wenyewe. Baadhi ya wasomaji wameuona huo kuwa udhaifu wa usawirishaji. Sisi tunauona kuwa ndio kiini cha jambo. Kila mmoja ana rai yake, lakini hajui kama jirani anayo pia, na hata akijua hamwamini. Kinachokosekana si maoni wala ukweli. Kinachokosekana ni mahali pa kukutania maoni hayo. Historia inatueleza kwamba huko Matumbi habari za Ngarambe zilienea kwa njwiywila, yaani mnong'ono wa siri kutoka sikio hadi sikio. Mnong'ono unaweza kufikisha habari, lakini hauwezi kumhakikishia mtu kuwa mwenzake atasimama. Maji yaliweza. Aliyeyanywa alikuwa ametangaza msimamo wake mbele ya wengine, na waliomwona walijua kuwa hawako peke yao.

Hapa ndipo gharama inapoanza kuhesabiwa. Rai iliyokuwa na miguu yake yenyewe imekubali kuegemea gongo, na baada ya muda wenye rai wanasahau kuwa wana miguu. Kinjeketile wa Hussein anaomba subira. Anataka umoja utangulie na silaha zifuate. Wenzake hawamsikilizi. Wamekwisha kulichukua neno lake, na mbele ya neno hilo mashaka yoyote, hata yakiwa ya yule aliyelitamka, yanahesabiwa kuwa woga. Mabishano hayo yanastahili kusomwa polepole, kwani hakuna anayemjibu Kinjeketile kwa hoja juu ya silaha, idadi ya watu au majira. Anajibiwa kwa maji. Jambo lililowapa watu uwezo wa kusema hadharani ndilo sasa linalowanyima uwezo wa kubishana hadharani. Kitunda, jemadari mwenye jicho la kuona idadi na silaha, ndiye anayelihisi hilo zaidi kuliko wote, na ndiye anayezidi kuwa mpweke. Wale wanawake wa onyesho la kwanza, waliokuwa na ushahidi wote, hawana nafasi katika baraza hili la wanaume wa vita. Nadhani mtunzi angeweza kuwapa sauti zaidi hapa. Kunyamaza kwao kunaudhi, na sina hakika kama aliukusudia ukimya huo au ulimponyoka.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na kambi zote mbili zilizotawala usomaji wa matini hii. Wako wanaoiona kuwa onyo dhidi ya ushirikina wa watu wasiosoma. Hao wanaitupa rai pamoja na maji, na bila ya kukusudia wanarudia hoja ya ofisa wa Kijerumani. Wako pia wanaolitukuza tabaka la wanyonge kiasi cha kudai kwamba umma haukosei, na kwamba maji ni ishara tu isiyopasa kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Usomaji huu unavutia, na miaka ya sabini na themanini ulikuwa na wafuasi wengi katika idara zetu. Lakini aliyepigwa risasi Mahenge hakupigwa na ishara. Kwake swali la kama maji yanazuia risasi lilikuwa swali la kweli kabisa, na tamthilia inaliheshimu swali hilo kuliko wanavyoliheshimu wahakiki hawa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Kinjeketile anaporudi kutoka mtoni, ujumbe wake una ahadi kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Seyyid Said alifariki mwaka 1856, karibu miaka hamsini kabla ya vita. Mhusika mwenyewe anatatizwa na maneno hayo, si kwa sababu ya tarehe bali kwa sababu ya maana yake: kumtoa mtawala mmoja ili aingie mwingine. Ni mahali pa pekee ambapo mtu anaihoji kauli ya roho kwa kutumia rai yake mwenyewe juu ya uhuru. Rai inalikosoa neno. Lau umati ungepewa nafasi ya kufanya hivyo, pengine vita ingechukua sura nyingine. Lakini mashaka hayo hayawi mjadala wa watu wote, kwani wanaoyasikia ni wachache na wakati umekwisha kupita.

Tunafika gerezani. Kitunda na Kinjeketile wamefungwa, vita imewashinda. Ofisa anataka jambo moja tu: Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, aliyechoshwa na vifo, anamsihi akubali. Kinjeketile anakataa. Wanafunzi wetu hukasirishwa na kukataa huku, na hasira yao ina haki. Watu wamekufa kwa neno hili, na mwenye neno hataki kulifuta. Lakini tuitazame kauli anayoombwa. Ni kauli ya kweli, ila imeandaliwa ili ibebe hitimisho lisilo la kweli. Akiisema, kesho itatangazwa kwamba maji yalikuwa uongo na kwa hiyo kupigana kulikuwa kosa, na watoto watakaozaliwa wataikuta habari imekwisha kufungwa hivyo. Kinjeketile hadai kwamba maji yanafanya kazi. Anakataa kuutoa ukweli mmoja ili utumiwe kuufukia mwingine.

Tunaamini kwamba ameutambua mtego. Hatuamini kwamba ukimya wake unawatosha waliokufa. Ilikuwapo kauli ya tatu: kwamba maji hayakuzuia risasi, na kwamba vita ilikuwa ya haki. Kwa nini haisemwi? Jibu letu ni kwamba haina pa kusemewa. Anayemiliki chumba cha mahojiano ndiye anayeamua ni jambo gani litakaloulizwa, na ameamua kuuliza juu ya maji. Juu ya maji yeye hawezi kushindwa. Katika seli ile hakuna anayeuliza mkulima wa pamba alilipwa kiasi gani, au ni nani aliyemchapa, au Bi Kitunda alipika nini siku ile pazia lilipofunguka.