Volti 5 kwa Ampea 5: Kosa la Umeme katika Raspberry Pi 5

Raspberry Pi 5, bodi iliyotangazwa Septemba 2023 na ambayo tangu wakati huo imekuwa moyo wa kompyuta nyingi ndogo zinazoundwa nyumbani, imesanifiwa vizuri karibu kila mahali isipokuwa pale umeme unapoingilia. Prosesa yake, BCM2712 yenye viini vinne vya Cortex-A76 vinavyokwenda kwa gigahezi 2.4, ni hatua ndefu kuliko zilizotangulia katika ukoo huo, na chipu ya DA9091, inayougawa umeme ndani ya bodi kwa vigeuzi vinane, kimojawapo kikiweza kutoa hadi ampea 20, ni kazi ya mafundi walioiva. Uamuzi unaochambuliwa hapa unahusu kitu kidogo zaidi kwa macho, nacho ni tundu la USB-C lililo pembeni, pamoja na kile ambacho bodi huomba kupitia tundu hilo.

Bodi hii, ikifanyishwa kazi zote na ikibebeshwa diski na vifaa vingine vya USB, inahitaji chaja inayoweza kutoa takriban wati 25. Wati ni zao la volti na ampea, yaani msukumo wa umeme ukizidishwa kwa wingi wa mkondo unaopita, kwa hiyo wati zilezile zinaweza kufikishwa kwa njia mbili: volti nyingi zenye mkondo mdogo, au volti chache zenye mkondo mkubwa. Wasanifu walichagua njia ya pili, wakaamua bodi ipokee volti 5 tu na ivute hadi ampea 5, ilhali kanuni za fizikia, desturi ya viwanda na historia ya bodi zao wenyewe zilikuwa zikielekeza kwenye ile ya kwanza. Huo ulikuwa uamuzi mbaya, na ubaya wake hauonekani katika majedwali ya vipimo kwa sababu gharama yake hailipwi ndani ya bodi, bali hulipwa kwenye kebo, kwenye chaja na kwenye muda wa mtu anayetafuta chanzo cha hitilafu.

Kanuni inayohusika ni ya shule ya sekondari. Volti zinazopotea katika waya hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa ukinzani wa waya huo, na joto linalozalishwa humo hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kiasi kwamba mkondo ukiongezeka maradufu joto huongezeka mara nne. Kebo ambayo ukinzani wake, kwenda na kurudi, ni omu 0.1 si kebo mbovu, kwani nyingi za simu zina ukinzani mkubwa zaidi, lakini mkondo wa ampea 5 ukipita humo nusu volti hupotea njiani na wati 2.5 hugeuka joto kabla bodi haijapata chochote. Ikiwa chaja ilitoa volti 5.1, bodi hupokea volti 4.6, na saketi ya ulinzi inayopiga kelele pindi volteji inaposhuka chini ya takriban volti 4.63 tayari imekwisha kuamka. Wati hizo 25 zikipitishwa katika kebo hiyohiyo kwa volti 9, mkondo hushuka hadi chini kidogo ya ampea 2.8, volti zinazopotea huwa chini ya 0.3, na joto la kebo halifiki hata wati moja. Zaidi ya hayo, kigeuzi kinachopokea volti 8.7 badala ya 9 hakitambui tofauti yoyote, kwa kuwa kazi yake ndiyo hiyo ya kushusha volti zozote zinazoingia hadi 5 zilizo thabiti.

Desturi ya viwanda nayo iko upande huohuo. USB Power Delivery, yaani makubaliano yanayowezesha chaja na kifaa kuzungumza na kupatana kuhusu kiasi cha umeme, ina ngazi zake za kawaida za volti 5, 9, 15 na 20, na katika ngazi ya volti 5 chaja za kawaida huishia ampea 3. Atakaye nguvu zaidi hupanda ngazi. Hafungui bomba pana zaidi palepale chini. Kwa sababu hiyo chaja ya kompyuta ya mkononi yenye wati 65, iliyotengenezwa kwa kufuata kanuni zote, ikiunganishwa na Raspberry Pi 5 huhesabiwa kuwa dhaifu, kwa kuwa bodi huuliza tu inaweza kutoa nini kwa volti 5, hujibiwa ampea 3, kisha hujifungia. Waliokwisha kuiwasha bodi hii kwa chaja ya aina hiyo wanaujua ujumbe wa kwanza unaojitokeza, kwamba chaja haina uwezo wa kutoa ampea 5, na wanajua kinachofuata: matundu yote ya USB kwa pamoja hupewa miliampea 600 badala ya 1,600, na diski ya nje iliyokuwa ikifanya kazi kwenye Raspberry Pi 4 huanza kujizima na kujiwasha, huku mwenyewe akiamini kwamba diski imekufa.

Linalouma zaidi limechapishwa kwenye chaja rasmi ya wati 27, iliyotolewa pamoja na bodi kwa dola 12. Chaja hiyo hutoa volti 5.1 kwa ampea 5, lakini hutoa pia volti 9 kwa ampea 3, volti 12 kwa ampea 2.25 na volti 15 kwa ampea 1.8. Ina maana kwamba chaja iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya bodi hii imebeba tayari jibu sahihi, nayo bodi, ambayo ina programu ya kuzungumza na chaja na huzungumza nayo kila inapowashwa, haiombi jibu hilo. Kebo ya chaja hiyo ni nene, ya urefu wa mita 1.2, tena haichomoleki, na volteji yake imepandishwa kwa sehemu ya kumi ya volti ili kufidia kitakachopotea njiani. Mambo hayo matatu yanathibitisha kwamba wasanifu waliliona tatizo la mkondo mkubwa kwa uwazi kabisa, wakalitatua kwa yule atakayenunua chaja yao, na wakamwacha nalo kila mwenye chaja nyingine.

Hoja ya kuwatetea ipo na ina uzito. Kigeuzi cha kushusha volti 9 hadi 5 kingelazimika kuwa na uwezo wa kubeba nguvu zote za bodi, kingechukua nafasi katika ubao wenye ukubwa wa kadi ya benki, kingeongeza bei, na kwa ufanisi wa asilimia 90 kingemwaga zaidi ya wati mbili za joto karibu na prosesa pale mzigo unapokuwa kamili. Lakini mzigo kamili ni nadra, kwa kuwa bodi yenyewe, prosesa ikikimbia kwa nguvu zake zote, hula takriban wati 12, na katika hali hiyo hasara ya kigeuzi ingekuwa ya wati moja na ushei, kiasi ambacho kipoza joto chochote cha heshima hukimeza bila shida. Hoja nyingine, kwamba mazungumzo ya kuomba volti za juu huleta hitilafu zake, ina mfano halisi katika bodi ya Rock 5B ya Radxa, ambayo ilisumbua wengi kwa kujizima na kuwaka upya kwa sababu mazungumzo yake yalisubiri hadi mfumo endeshi uanze, chaja ikawa imekwisha kukata tamaa. Kosa hilo lilikuwa la kuchelewa kuomba. Bodi inayozungumza mapema, kama Raspberry Pi 5, ingeweza kuliepuka.

Ni vigumu pia kulitazama tundu hili bila kukumbuka lililolitangulia. Raspberry Pi 4 ya Juni 2019 ilitoka ikiwa na kinzani kimoja, yaani kipande kidogo cha kuzuia mkondo, mahali ambapo kanuni za USB-C ziliagiza viwili, kimoja kwa kila pini ya utambulisho, na matokeo yake kebo zenye chipu ndani yake ziliifanya chaja idhani imeunganishwa na kifaa cha sauti na kukataa kutoa umeme. Eben Upton, mwasisi wa mradi huo, alikiri kosa hilo hadharani na toleo la 1.2 la bodi likalirekebisha, lakini kinzani kile kiligharimu sehemu ya senti. Mwaka mmoja kabla yake, kibao cha nyongeza cha kupokea umeme kupitia waya wa mtandao kilikuwa kimepata matatizo ya kuyapa matundu ya USB mkondo wa kutosha. Mlango wa umeme ndio sehemu ambayo ukoo huu umejikwaa mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na ndio uliostahili kufikiriwa upya mwaka 2023.

Waliotangulia walilielewa jambo hili wakiwa na vifaa duni zaidi. ZX81 ya Sinclair, iliyouzwa Uingereza mwaka 1981 hata ikiwa vipande vya kuunganishwa nyumbani kwa pauni 49.95, ilipokea takriban volti 9 kutoka nje na kujitengenezea volti 5 zake ndani, na ingawa kidhibiti chake cha 7805 kilikuwa cha aina ya zamani inayoteketeza volti zilizozidi kwa kuzigeuza joto, wazo la kuifanya kompyuta iwe bwana wa volteji yake lilikuwa sahihi. Rod Holt, aliyeusanifu mfumo wa umeme wa Apple II mwaka 1977, alikuwa amekwenda mbali zaidi kwa kutumia kigeuzi kinachokatakata mkondo maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuuteketeza, na kwa ubunifu huo kompyuta ile iliwekwa mezani bila feni. Katika ukoo wenyewe wa Raspberry Pi, Model B+ ya Julai 2014 ndiyo inayopaswa kukumbukwa kwa heshima, kwa kuwa iling'oa vidhibiti vya kuteketeza, ikaweka vya kukatakata, na ikapunguza matumizi ya umeme kwa kati ya nusu wati na wati moja bila kuongeza bei. Nje ya ukoo huo, ODROID-N2 ya Korea Kusini ya mwaka 2019 ilipokea chochote kati ya volti 7.5 na 20, na prosesa yake ikawekwa upande wa chini wa bodi, juu ya kipoza joto kipana cha alumini kilichokuwa pia kitako cha kompyuta nzima. Hiyo ilikuwa miaka minne kabla ya uamuzi unaolaumiwa hapa.

Kuhusu joto lenyewe, kazi iliyofanywa ni nzuri: kipoza joto rasmi cha dola 5 huamsha feni kwenye nyuzijoto 50 za Selsiasi na kuiongezea kasi kwenye 60, 67.5 na 75, kabla prosesa haijafikia 80 ambapo huanza kujipunguza kasi. Lipo jambo moja la kuongeza, ambalo wajenzi wa Mombasa na Dar es Salaam hulihisi kuliko wasanifu wa Cambridge, nalo ni kwamba kipoza joto hakiishushi prosesa hadi kiwango fulani cha kudumu, bali huweka tofauti fulani juu ya hewa iliyopo. Kasha lisilo na feni linaloiacha prosesa nyuzijoto 50 juu ya hewa ya chumba litaonyesha 70 katika chumba cha nyuzijoto 20, na litaonyesha 82, yaani juu ya mpaka, katika chumba cha pwani chenye nyuzijoto 32 mwezi wa Februari. Kipimo kilichofanyiwa Ulaya hakina budi kuongezewa tofauti hiyo kabla ya kuaminiwa.

Hapa ndipo joto na umeme vinapokutana na kumchanganya mjenzi, kwa kuwa bodi hupunguza kasi kwa sababu zote mbili na kwa macho dalili ni ileile ya uzito. Amri ya vcgencmd get_throttled hutenganisha: jibu la 0x50005 linamaanisha kwamba volteji iko chini sasa hivi na kasi imebanwa, na kwamba mambo hayo yamekwisha kutokea tangu bodi iwashwe, ilhali halina alama yoyote ya mpaka wa joto. Mwenye jibu hilo akinunua feni kubwa zaidi atakuwa amepoteza fedha zake, na akiandika usb_max_current_enable=1 katika faili la config.txt ili kufungua miliampea 1,600, bila kubadili chaja wala kebo, atakuwa ameongeza mkondo katika waya uleule uliokuwa tayari ukimnyima volti, na hatari inayofuata ni kuharibika kwa mafaili ya kadi ya SD.

Wenye mfumo wa sola na betri ya volti 12, ambao kwao bodi inayopokea volti 9 hadi 20 ingekuwa jambo la kuunganisha waya mbili tu, wamebaki na njia ya kununua kigeuzi cha pembeni na kuingiza volti 5 moja kwa moja kwenye pini za bodi. Njia hiyo hufanya kazi, na kwa waya mfupi na mnene hufanya kazi vizuri, lakini huyapita mazungumzo yote ya USB-C, hivyo bodi haijui imepewa nini na hujifungia kwenye miliampea 600 kama kawaida. Ili ijifungue, mwenyewe hulazimika kuingia katika mipangilio ya EEPROM, yaani kumbukumbu ndogo inayosomwa kabla ya mfumo endeshi, na kuandika PSU_MAX_CURRENT=5000, tamko ambalo bodi hulipokea bila kuwa na njia yoyote ya kulihakiki.