Jua Likipewa Kisogo

Jioni pale bustani ya Forodhani, Unguja, jua linapoanza kuteremkia baharini, watu wote huelekea upande mmoja. Vijana wanaojirusha majini kutoka ukutani, wageni walionyanyua simu zao, wachumba wenye bilauri za juisi ya miwa: nyuso zote ziko magharibi. Mtu mmoja tu ndiye aliyelipa jua kisogo. Ni mzee wa kofia ya kiua, kamera shingoni, mkanda wake umeshonwa mara mbili kwa uzi wa viatu. Hana haja ya kuliangalia jua. Anaangalia mwanga wake unatua juu ya nani.

Ufundi wake wote unaanzia hapo. Wengine wanalipiga picha jua; yeye analitumia kupigia.

Siku moja alifika kijana na bibi yake, ajuza aliyevaa kanga mpya iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Kijana akamsimamisha bibi ukingoni, bahari nyuma, jua nyuma, akabonyeza simu. Akaitazama, akabonyeza tena. Mbingu ilitoka nzuri, ya rangi ya embe bivu. Bibi alitoka mweusi mtupu, kivuli chenye umbo la mtu, hana jicho wala tabasamu. Mzee wa kofia alisogea taratibu, akaamkia, akaomba ruhusa. Akamshika bibi kiwiko, akamgeuza hadi bahari ikawa mbele yake na mti wa bustanini nyuma. "Hebu lipe jua shavu, bibi. Moja tu. La pili tulifiche." Bibi akacheka. Mzee hakupiga picha ya kicheko. Alingoja kicheko kipite, kibaki kile kinachobaki usoni baada ya kicheko, na cheche ndogo ya mwanga iwake ndani ya mboni. Ndipo kamera ikalia mara moja.

Mara moja tu. Kamera aliyonayo sasa ni ya dijitali na ingeweza kupiga mia, lakini mkono wake ulijifunzia kwenye Pentax K1000, kamera iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, nzito kama tofali, isiyojua kumfanyia mtu chochote zaidi ya kumwonyesha sindano ya kupimia mwanga. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36. Kila picha iliyoharibika ilikuwa hasara ya filamu na ya kusafisha, na aliyelipia alikuwa mpiga picha mwenyewe. Waliofunzwa na mkanda hawabonyezi ovyo.

Na jioni ya pwani haimsubiri mtu. Karibu na ikweta jua hushuka wima, nyuzi moja kwa kila dakika nne hivi. Tangu likiwa nyuzi kumi juu ya bahari hadi lizame, fundi ana dakika arobaini na kidogo. London mwezi wa Juni jua huteremka kwa mshazari, karibu kwa nusu ya kasi hiyo, na mpiga picha wa kule anaweza hata kunywa chai katikati ya kazi. Unguja jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi hivi, mwaka mzima, na baada ya hapo giza huanguka kama pazia lililokatwa kamba. Mzee hatazami saa. Anatazama kivuli chake. Jua likiwa nyuzi 45, kivuli hulingana na kimo cha mtu. Likifika nyuzi kumi, kinarefuka karibu mara sita. Kivuli chake kikifika kwenye benchi fulani la bustanini, anajua wakati umewadia.

Kabla ya hapo hapigi. Jua la utosini huchimba mashimo machoni na kuning'iniza kivuli cha pua juu ya mdomo. Watu hukunja nyuso kwa kutiwa kiwi, wakatoka kama wenye hasira. Jua la jioni limepita katika hewa nyingi zaidi, ubuluu wake umetawanyika njiani, kinachomfikia mtu ni wekundu na udhahabu unaokuja kutoka ubavuni. Huupa uso bonde na kilima.

Lakini upande mmoja ukiangazwa, wa pili huzama. Wapiga picha wenye fedha hununua kitambaa cha kurudishia mwanga. Mzee huyu ana kanzu. Humwomba mtu yeyote aliyevaa kanzu nyeupe, iliyofuliwa vizuri, asimame hatua mbili kutoka kwa anayepigwa, nje ya picha, upande wa kivuli. Kanzu hupokea jua na kulirudisha, laini, kwenye shavu lililofichwa. "Sogea kidogo, kijana. Basi hapo. Usipumue sana." Mabwana harusi wangapi wamewaangazia wake zao kwa namna hiyo kabla ya wao wenyewe kuitwa waingie kwenye picha! Na mwanga huo wa kanzu una jambo lake: ukiuangalia kwa makini kwenye shavu la bibi harusi, juu ya poda na chini ya kito cha sikio, utaona weupe wenye joto ndani yake, kama maziwa yaliyotiwa zafarani.

Mji huu una haki ya kuujali ufundi huo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi. Kuta za duka hilo katika Barabara ya Kenyatta zimejaa picha za rangi nyeusi na nyeupe za Unguja ambayo wengi wa leo hawakuiwahi. Mbali kidogo, Bamako nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, na mara nyingi alipiga uani, kwa mwanga wa mchana, shuka la kitanda chake likiwa pazia la nyuma. Naye kwa kawaida alipiga picha moja kwa kila mteja. Aliyabadilisha mapazia yake kila baada ya miaka michache, na baadaye ndiyo yaliyomsaidia kujua picha ipi ni ya mwaka gani.

Wakati huohuo viwanda vya filamu havikuwajali watu kama wale aliowapiga Keïta. Kwa miongo mingi rangi za filamu za Kodak zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley. Rangi ikikaa sawa kwake, ilihesabika imekaa sawa kwa wote. Filamu hiyo ikikutana na flashi ya usoni, mtu mweusi alitoka na paji linalong'aa na mashavu yaliyopotea gizani, kisha akaambiwa yeye ndiye hapigiki. Jua la jioni halikuwahi kumwambia mtu neno hilo. Chini yake weusi huacha kuwa rangi moja: pana kahawa, pana shaba, pana zambarau iliyoiva.

Sasa kila mfuko una kamera. Watu hupiga picha nyingi kuliko wakati wowote, na nyumba hazina picha. Zamani mgeni akishakaribishwa alipewa albamu kabla ya chai. Karatasi zake za plastiki zilinata vidoleni, na nyuma ya kila picha kulikuwa na mwandiko wa wino: jina, tarehe, neno Ukumbusho. Mtoto alimjua babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, akajua hata alivyopenda kuvaa kofia kwa kuiinamisha. Leo simu ikitumbukia majini, harusi nzima imekwenda nayo. Na waliobaki nazo wanapitisha kidole haraka, uso juu ya uso, bila kumwacha yeyote akae machoni.

Bibi yule wa kanga aliletewa picha yake siku ya tatu, imechapishwa, saizi ya kadi, ndani ya bahasha. Mjukuu ndiye aliyeifuata. Aliitazama kwa muda mrefu pale pale barabarani, akauliza kama inawezekana kutoa nyingine, kubwa zaidi, ya ukutani.

Jioni hiyohiyo, jua likiwa limeshazama na mwadhini ameshaita, wachoma mishikaki wakiwasha taa zao, familia moja ilifika mbio. Baba, mama, watoto watatu, nguo za sikukuu. Mzee alitazama mbinguni, akatikisa kichwa. "Mwanga umekwisha, mwanangu. Njooni kesho, kabla ya saa kumi na mbili." Baba alisema kesho wanarudi Pemba. Wakasogea ukingoni, wakapeana simu, flashi ikawaka mara nne gizani. Mzee alifunika lenzi, akafunga mkoba, akaenda kuswali.