Jasho Kwanza, Feni Baadaye

Saa nane mchana, mwezi wa Machi, ndani ya godauni la chai pale Shimanzi, Mombasa. Fundi niliyekuja kumtazama ameitwa kuchagua feni za kuning'inizwa darini, lakini tangu aingie hajainua macho juu hata mara moja. Anatazama migongo ya watu. Makuli wanashusha magunia ya karatasi kutoka kwenye lori na kuyapanga juu ya paleti. Yeye anawafuata taratibu, mkononi ana fimbo yenye uzi mwepesi uliofungwa nchani. Kila baada ya hatua chache anasimama, anaiinua fimbo usawa wa kifua, anangoja. Uzi umetulia wima. Anaandika kwenye daftari.

Mwenye godauni ana swali moja tu: "Feni ngapi, fundi?"

"Kwanza nionyeshe watu wako husimama wapi, bwana. Feni nitazipata baadaye."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nimheshimu. Feni haipozi hewa, humpoza mtu. Kipimajoto kilichotundikwa ukutani hakitashuka kwa sababu mapanga yanazunguka. Kinachobadilika ni kwenye ngozi, ambayo joto lake ni karibu nyuzi 35. Hewa ikiwa chini ya hapo, upepo huchukua joto la mwili na kukausha jasho. Ikipanda juu ya hapo, upepo wenyewe huongeza joto, na mtu hubaki akitegemea jasho likauke. Katika unyevu wa Pwani, jasho halikauki upesi. Ndiyo maana fundi anapima upepo penye kifua cha kuli. Ndiyo maana pia, kabla ya kutaja bei ya feni yoyote, anamwambia mwenye mali afungue matundu ya juu ya paa, joto la mabati lipate pa kutokea. Anayeuza feni pekee asingeanza na shauri hilo.

Mlangoni karani ameketi na daftari la hesabu. Pembeni yake feni ndogo ya kusimama inanguruma. Karatasi zake amezilaza chini ya jiwe, na kila gunia likipita lazima apaze sauti ili kuli asikie namba. Hatua tatu kutoka mezani kwake, uzi wa fundi hautikisiki.

Hapo ndipo ilipo siri ya feni kubwa. Upepo unaotoka kwenye feni husuguana na hewa tulivu kandokando yake, na msuguano huo huula. Mkondo mwembamba una kingo nyingi kuliko kiini, kwa hiyo huchoka mapema, hata ukisukumwa kwa kasi. Upana ukiongezeka mara mbili, kingo huongezeka mara mbili, lakini kiini huongezeka mara nne. Mkondo mnene wa namna hiyo hushuka hadi sakafuni, kisha hutambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa ubaoni. Feni ya mita 7.3 hufagia eneo karibu mara 27 ya lile la feni ya nyumbani ya mita 1.4, na inafanya hivyo kwa mizunguko michache, ile ambayo macho yanaweza kuhesabu mapanga yakipita. Umeme nao una hesabu yake: ukipunguza mzunguko wa feni ileile kwa nusu, nguvu inayohitaji hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane.

Aliyetuonyesha njia hii ni Mmarekani Walter Boyd, miaka ya 1990 huko California, na aliowatafutia upepo walikuwa ng'ombe wa maziwa waliokuwa wakiteseka na joto. Wazee wa Pwani huiita feni panka, neno lililovuka bahari kutoka pankha ya Kihindi, na mzizi wake, pankh, ni bawa. Neno limetimia: mapanga ya feni hizi yana umbo la bawa la ndege, mgongo umevimba na ukingo wa nyuma umekuwa mwembamba.

Hata hivyo fundi hakuchagua feni kubwa kuliko zote. Alipima marundo ya magunia, akaona kwamba mkondo wa feni moja ya mita 7.3 katikati ya godauni ungegonga kuta za chai na kufia humo, mbali na watu. Akachagua mbili za mita 4.9, moja juu ya njia ya kupakulia, nyingine juu ya meza za kupimia. Ndipo alipoinua macho.

Huko juu alikagua kwa subira ileile. Mapanga yasiwe chini ya mita 3 kutoka sakafuni, na yapite mbali na mlingoti wa foklifti ukiwa umeinuliwa wote. Yasibanane na paa, kwani feni isiyo na nafasi juu yake haina hewa ya kuvuta. Yasikae chini ya taa, maana vivuli vyake vitapepesa siku nzima machoni pa wafanyakazi. Alikataa kuzitundika feni kwenye vyuma vyembamba vinavyobeba mabati. Akadai boriti kuu, na mhandisi aithibitishe, kisha nyaya za kuzuia kuyumba na kamba ya chuma ya akiba, endapo kifungo kikuu kitaachia. Vumbi la chai nalo alilifikiria: akachagua mota iliyofungwa kabisa, na akaagiza sakafu ifagiliwe kabla feni haijawashwa.

Nilirudi baada ya kazi kukamilika. Feni zilikuwa zikizunguka polepole kiasi kwamba mgeni angedhani hazifanyi kitu. Fundi alikuwa chini, na fimbo yake, akipita palepale alipopita mara ya kwanza. Safari hii uzi uliinama, kidogo tu, kwenye njia ya lori, penye mizani, hata kwenye kona ya paleti tupu ambako kuli mmoja mzee alikuwa amepumzika.

"Vipi mgongo, mzee?" fundi akamuuliza.

Yule mzee akapapasa shati lake kabla ya kujibu. "Linakauka."

Feni ya kusimama ilikuwa imezimwa. Karani alikuwa anahesabu magunia kwa sauti ya kawaida, na kuli aliyekuwa juu ya lori alimsikia.