Uhakiki wa Dhana ya Kibaraka: Hamoud bin Mohammed na Mpangile, 1896

Neno "kibaraka" humhukumu mtawala kwa kumtazama aliyemweka madarakani. Kigezo hicho hakitoshi. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani wa Zanzibar kwa muda usiotimia saa moja. Khalid bin Barghash akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Hamoud bin Mohammed akatawazwa. Mwaka 1897 Hamoud alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa, kama Waingereza walivyotaka, na alitawala hadi kifo chake mwaka 1902.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1896, Wajerumani walimtawaza Mpangile huko Uhehe, ilhali ndugu yake, Mkwawa, alikuwa bado anapigana nao. Februari 1897 walimwua kwa tuhuma za kuusaidia upinzani. Tuhuma ziwe za kweli au za uongo, hukumu hiyo yadhihirisha kwamba waliomtawaza hawakuwa na hakika ya utii wake. Mvamizi humhitaji mwenyeji kwa sababu nasaba na heshima havipatikani kwa bunduki. Hitaji hilo ndilo pia hofu yake. Hivyo, uhakiki wa dhana hii hauna budi kuuliza mtawala alitii nini, alikataa nini, na nani aliyelipa gharama.