Kwa Heshima ya Gitaa la Pili

Mtu anarudi kutoka kazini, anakula, anasubiri watoto walale, kisha anachomeka gitaa kwenye kompyuta na kurekodi dakika tatu za rithimu ya bluzi. Hapigi solo wala haimbi. Anazunguka kwenye kodi zilezile tatu mpaka mwisho, anahifadhi faili, anawatumia watu ambao huenda hatawaona kwa macho maisha yake yote. Mmoja wao, katika nchi nyingine, ataongeza besi. Mwingine ataongeza ngoma, na wapiga solo watapokezana juu yake. Wiki mbili baadaye muziki umekamilika, na wanaousikiliza wanamsifu yule mpiga solo wa mwisho aliyeliza uzi. Mimi nataka kumsifu yule wa mwanzo.

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunaijua dhuluma hii. Mtaje Mbaraka Mwinshehe mbele ya watu wazima na utapata mtu wa kukuimbia gitaa lake la solo, noti kwa noti. Uliza nani alikuwa akipiga rithimu nyuma yake, na wengi watabaki kutazamana. Katika bluzi hali ni hiyohiyo, ingawa bluzi, kuliko muziki mwingine ninaoufahamu, imejengwa juu ya mtu anayekubali kumwachia mwenzake nafasi.

Tazama umbo lake. Mzunguko mmoja una vipimo 12, kila kipimo mapigo manne, jumla mapigo 48. Vipimo vinne vya kwanza vinakaa kwenye kodi ya kwanza, yaani lile kundi la noti linalopigwa kwa mkupuo mmoja na ambalo sikio linalihesabu kuwa ndipo muziki unapoishi. Viwili vinavyofuata vinahamia kodi ya nne, viwili vinarudi ya kwanza. Kipimo cha tisa kinapanda kodi ya tano, cha kumi kinashuka ya nne, na viwili vya mwisho vinarudi pale pa mwanzo na kufungua mlango wa mzunguko mwingine. Umbo hili lilikomaa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa majimbo ya Kusini, na lilikwisha kuimbwa mashambani na kwenye vituo vya reli kabla W.C. Handy hajachapisha "Memphis Blues" mwaka 1912. Leo fundi umeme wa Poland na mwalimu wa Brazil wanalijua sawasawa. Ukiwaambia "bluzi ya A, mwendo wa 100, mizunguko minane", wamekwisha kuelewana. Limebaki swali moja tu la adabu, kama kipimo cha pili kitagusa kodi ya nne mapema au kitatulia, na anayeanza ndiye mwenye kuamua.

Lakini umbo hilo limebeba jambo jingine, ambalo mimi huliona kuwa kubwa zaidi. Ubeti wa kawaida wa bluzi una mistari mitatu: wa kwanza unaimbwa, wa pili unaurudia, wa tatu unajibu. Kila mstari umepewa vipimo vinne, na maneno yanajaza kama viwili tu. Vinavyobaki ni vya ala. Ukimya huo umepangwa tangu mwanzo, nao ni sehemu ya wimbo sawa na maneno. B.B. King aliujenga ufundi wake wote humo. Alipoimba, gitaa lake lilinyamaza, alipomaliza mstari gitaa likajibu, na ilikuwa nadra kuvikuta viwili hivyo vikigombania pumzi moja. Msikilizaji wa Kiswahili aliyezoea kiongozi na waitikiaji hahitaji kufundishwa hapo.

Kwa nini basi watu hawa wanaotumiana faili wasipige kwa pamoja, moja kwa moja, kila mmoja kwake? Kizuizi ni maumbile yenyewe. Mwanga ndani ya nyaya za kioo zinazopita chini ya bahari husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Chicago ni karibu kilomita 13,000, kwa hiyo hata kama waya ungenyooka kabisa, sauti ingechelewa milisekunde 65. Nyaya hazinyooki, na mitambo ya njiani nayo inachukua chake, ndiyo maana safari halisi ya kwenda na kurudi huzidi milisekunde 200. Wapigaji wengi huanza kuyumba ucheleweshaji ukipita milisekunde 30 hivi. Sasa fikiria ule mwendo wa bluzi unaochechemea, ambamo kila pigo linagawanywa mara tatu, sehemu ya kwanza na ya tatu zinapigwa, ya katikati inaachwa. Kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, kila sehemu ina milisekunde 200. Safari ya kwenda na kurudi imekwisha kumeza sehemu nzima, na kule kuchechemea kunakokufanya utikise kichwa kumepotea.

Ndiyo maana wanapokezana. Mmoja anarekodi na kutuma, mwingine anaongeza na kutuma tena. Kurekodi sauti juu ya sauti kulikuwapo zamani, na mwaka 1948 Les Paul aliwashangaza Wamarekani kwa "Lover", wimbo ambao magitaa yake yote ni yeye mwenyewe, tabaka juu ya tabaka. Siku hizi matabaka ni ya watu tofauti, kila mmoja na chumba chake, na kila mmoja anampigia mtu ambaye hayupo.

Hapo ndipo ugumu wa gitaa la pili unapoonekana. Katika bendi iliyo pamoja jukwaani, mpiga rithimu anamwona mpiga solo akivuta pumzi, anapunguza mkono. Anamsikia mpiga ngoma akikaza, naye anakaza. Yule wa chumbani hana hata mmoja wa kumtazama. Anapaswa kupiga rithimu ya muziki ambao bado haujakuwapo, kwa nguvu itakayowatosha watu watano, na kwa kiasi kitakachowaachia wote watano mahali pa kukaa. Akipiga kwa uchache, wenzake watadhani hajui anakokwenda. Akipiga kwa wingi, watakaofuata watakuta kila pembe imejaa. Anafanya kazi ya mwenyeji anayetenga upande mmoja wa sinia kwa ajili ya mgeni ambaye bado yuko njiani, na hajui mgeni huyo anakula kiasi gani.

Kwa mkono wenyewe, kazi ni hii. Nyuzi mbili nene zinapigwa pamoja. Kidole kimoja cha kushoto kinatulia, na kidole cha pete kinatoka noti ya tano kwenda ya sita na kurudi, tena na tena, kwa mizunguko yote. Ubavu wa kiganja cha kulia unagusa nyuzi karibu na daraja la gitaa ili sauti ifupike na isitambae. Mtu yeyote anaweza kujifunza hilo kwa siku chache. Kulifanya kwa dakika nne bila mkono kuanza kujisikiliza ni kazi ya miaka. Kufikia mzunguko wa tatu kidole kinataka kuongeza pambo. Kufikia wa tano sikio linachoka, nguvu zinapungua pasipo mwenyewe kujua, na wenzake watauona upungufu huo kwenye mchoro wa mawimbi ya sauti kabla hata hawajausikia.

Bwana wa kazi hii alikuwa Eddie Taylor, aliyezaliwa Benoit, Mississippi, mwaka 1923. Alimfundisha gitaa rafiki yake wa utotoni, Jimmy Reed, na wote wawili baadaye wakaishia katika jiji la Chicago. Katika miaka ya 1950 Reed alikuwa miongoni mwa wanabluzi waliouza rekodi nyingi zaidi Marekani. Sauti yake ya uvivu na harmonika yake ndizo watu wanazozikumbuka. Chini yake, katika rekodi nyingi za kampuni ya Vee-Jay, ni gitaa la Taylor linalokwenda kama lilivyoelekezwa na mwenyewe, halipandi halishuki. Mary, mke wa Reed, alikaa karibu naye studio na kumnong'oneza maneno ya nyimbo, na katika baadhi ya rekodi unaweza kumsikia. Kwa hiyo nyota mmoja alikuwa amebebwa na watu wawili, mmoja kwa nyuzi na mwingine kwa mnong'ono. Taylor aliimba vizuri pia, na "Bad Boy" yake ya 1955 ni ushahidi. Hata hivyo nawashauri vijana wanaoanza wasikilize kwanza kile alichokifanya nyuma ya mwenzake, wafuate kidole kile kimoja mpaka waelewe kwamba Reed aliweza kuchelewa, kusita na kuburuza neno kwa sababu kulikuwa na mtu asiyechelewa.

Desturi za wanaopokezana faili zinatokana na heshima hiyohiyo. Anayeanza anaweka mapigo ya kuhesabia mwanzoni, vipimo viwili, ili kila atakayefuata aingie bila kubahatisha. Kila traki inaanzia sekunde ya sifuri, hata kama mpigaji wake ataingia dakika ya tatu, ili atakayechanganya sauti aziweke tu na zilingane. Faili hutumwa katika muundo wa WAV, kwa sababu kubanwa kwa MP3 huongeza chembe ya ukimya mwanzoni, na chembe hiyo inatosha kulegeza kuchechemea kote. Sauti inatumwa kavu, bila mwangwi, maana mwangwi ukishaingizwa hautoki, na chumba cha mmoja kingekuwa kimewalazimisha wote wakae humo. Nayapenda mambo haya madogo. Kila moja lilibuniwa na mtu aliyemfikiria anayekuja baada yake.

Mpiga solo naye ana lake, nami simdharau. Noti ya tatu katika skeli ina sura mbili, kubwa na ndogo, na piano inazo zote mbili, lakini kilicho katikati yake haina. Gitaa linacho, kwa kuwa uzi husukumwa na kidole mpaka noti ikapanda nusu ya njia na kukataa kufika. Kilio cha bluzi kinaishi hapo. Anayejua kazi yake anaipokea traki ya rithimu na kuisikiliza kwanza gitaa likiwa limelazwa. Anatafuta mahali mwenzake alipotua kwa uzito kidogo zaidi, kipimo alichokiharakisha kwa nywele, kisha anaanza kuchelewa kidogo badala ya kurukia pigo la kwanza. Na anapokaribia kipimo cha 12 anafunga sentensi yake mapema, ili anayempokea asikute mlango umezibwa. Mpiga solo anayemwaga noti hadi pigo la 48 amewasahau watu wawili kwa wakati mmoja, aliyemtangulia na anayemfuata.

Hata kabla ya faili hizi, sauti ilikwisha kusafiri bila mwenyewe, na ikafika kwetu. Jimmie Rodgers wa Meridian, Mississippi, Mzungu aliyefanya kazi za reli na kujifunza bluzi kutoka kwa Weusi wa huko, aliiweka kwenye santuri tangu mwaka 1927. Santuri zake zilifika hadi kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey aliwarekodi huko Kapkatet, na wasichana wakamwimbia nyimbo juu ya Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, ambaye jina lake ni Jimmie Rodgers lilivyotua katika masikio yao. Waliisikia sauti na gitaa, wakajibu kwa sauti zao na ala yao ya nyuzi. Jibu hilo ni zuri mno. Lakini Rodgers alikuwa amefariki mwaka 1933, na hakuna aliyeweza kumpelekea. Kila ninapopokea faili lenye besi ya mtu wa mbali juu ya rithimu yangu, nawakumbuka wasichana wale. Mimi nimepata kile ambacho wao na yeye walinyimwa: nimejibiwa, na aliyenijibu atalisikia jibu langu kesho.

Kuna hatari moja katika ufundi huu, nayo inakuja mwishoni, mikononi mwa anayechanganya sauti. Programu za leo zinaweza kuikamata kila noti na kuivuta ikae barabara juu ya mstari wa saa. Kwa muziki mwingine huenda hilo ni msaada. Kwa bluzi ni kufuta kazi yote. Mpiga rithimu aliyeegemea kidogo nyuma ya pigo aliegemea kwa makusudi, au kwa umri wake, au kwa uchovu wa siku, na kila kilichopigwa juu yake kilipigwa kwa kuufuata mwegemo huo. Ukimnyoosha yeye, wengine wote wanabaki wamepinda bila sababu. Mimi huwasihi wachanganyaji wamguse kwa sauti tu, wampandishe akizama na wamshushe akizidi, lakini muda wake wamwachie. Ngoma zikiongezwa baadaye, mpiga ngoma ndiye anayepaswa kumfuata, na wapiga ngoma wazuri hufanya hivyo. Huisikiliza traki nzima mara kadhaa kabla ya kushika vijiti, hukiweka akilini kipimo ambacho mwenzao huwa anaharakisha, na kipimo hicho kikifika, huharakisha naye.