Namna ya Kuipima Albamu ya Pop ya Piano

Piano ina sauti tamu hata ikiguswa na mtoto, na utamu huo ndio unaowapoteza wasikilizaji wengi: wanasifu chombo wakidhani wanasifu wimbo. Katika albamu bora ya pop ya piano, hasa ya mtunzi anayejitegemea, lahani na piano hutegemeana. Ukiondoa piano, lahani bado inaimbika, lakini unasikia pengo. Hivi ndivyo unavyoweza kuitambua albamu ya namna hiyo.

Anza na lahani

Ukishausikia wimbo mara mbili, uzime kisha uuimbe mwenyewe bila maneno. Lahani nzuri hukaa kichwani upesi, na bado ina mahali inapokushtua: inapanda ulipotarajia ishuke, au inachelewa nusu pigo kufika. Angalia pia kilele kimewekwa wapi. Mtunzi hodari huitunza noti ya juu kabisa mpaka kwenye kiitikio. Anayeitumia tangu mstari wa kwanza, kiitikio kikifika hana pa kupanda.

Sikiliza mkono wa kushoto

Mkono wa kulia ndio unaosikika haraka, lakini fundi hujulikana kwa wa kushoto. Aliyeimba kwaya kwa solfa atanielewa upesi. Tuseme wimbo uko katika ufunguo wa C. Mpigaji wa kawaida hupiga kodi ya C, kisha G, kisha A maina, na besi yake inaruka: do, so, la. Fundi hupiga kodi hizohizo, ila akifika kwenye G kidole chake cha chini kinagusa ti badala ya so. Sasa besi inashuka ngazi kwa ngazi: do, ti, la. Kodi ni zilezile, lakini chini ya sauti ya mwimbaji imezaliwa lahani ya pili. Mtunzi anayefanya hivyo ametunga wimbo mzima. Asiyefanya ametunga sauti ya juu tu, na chini ameweka kodi za kuisindikiza.

Kila chombo kiwe na kazi

Mwaka 1970 Emitt Rhodes, kijana wa Hawthorne, California, alitoa albamu yenye jina lake mwenyewe. Aliirekodi kwenye kibanda cha nyumbani kwa wazazi wake, kwa mashine ya Ampex ya traki nne, akipiga kila chombo mwenyewe. Traki nne zina ukali wake. Zikijaa, lazima uzichanganye ili upate nafasi, na kila uchanganyaji unaongeza mvumo wa kanda. Kwa hiyo chombo kisicho na kazi kinakugharimu. Kompyuta ya leo haina ukali huo, na nidhamu inabidi itoke kwa mtunzi mwenyewe.

Bendi ya Ben Folds Five, ambao licha ya jina lao walikuwa watatu, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1995 bila gitaa la solo wala la rizimu. Mpiga besi wao, Robert Sledge, alilikwaruzisha gitaa lake mpaka likajaza nafasi ya magitaa hayo. Mwimbaji na mpiga piano Regina Spektor alikwenda mbali zaidi. Katika "Poor Little Rich Boy", mkono mmoja unapiga piano na mwingine unapiga kiti kwa kijiti cha dramu. Usiulize vyombo ni vingapi. Chagua kimoja, kifuatilie wimbo mzima, kisha ujiulize kingetolewa nini kingeharibika. Jibu likiwa "hakuna", hilo ni pambo.

Ipime sauti ya piano yenyewe

Ndani ya piano kuna nyundo zilizovikwa sufu, na noti za kati na za juu kila moja ina nyuzi tatu. Ukipiga kwa nguvu, sauti haiongezeki tu, inabadilika rangi: inakuwa kali na kung'aa. Ukigusa taratibu inakuwa ya mviringo. Piano ya kompyuta iliyotengenezwa vibaya huongeza sauti huku rangi ikibaki ileile, na baada ya nyimbo tatu sikio linachoka. Sikiliza pia pedali mwishoni mwa mistari. Mpigaji makini huiachia kodi inapobadilika, asiyejali huacha noti za jana zikigombana na za leo.

Anzia katikati

Albamu nyingi huweka nyimbo kali mwanzoni. Wewe anza na wa sita au wa saba, kwani hapo ndipo nyimbo za kujazia hufichwa. Katika hili uwe mkali kwa mtunzi anayejitegemea kuliko kwa mwingine, kwa sababu muda ni wake. Mkataba wa Rhodes na kampuni ya Dunhill ulimtaka atoe albamu kila miezi sita, kasi ambayo mtu anayepiga kila kitu peke yake hawezi kuimudu. Baada ya albamu ya 1973, hakutoa nyingine ya nyimbo mpya hadi 2016. Asiye na mkataba wa kumkimbiza ana uhuru ambao Rhodes aliunyimwa, na nyimbo za katikati zitakuonyesha kama ameutumia. Ukikuta zimetungwa kwa bidii ileile ya wimbo wa kwanza, inunue albamu hiyo, na ikiwezekana umlipe mtunzi moja kwa moja, ili apate muda wa kutunga nyingine.